Mume anasema nisaini nifungwe kizazi. Mimi sijui nimechoka na nini

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, nimeolewa, nina watoto wawili na wa tatu yuko tumboni, miezi minane sasa. Wawili wa kwanza nilijifungua kwa operesheni, na daktari ameshaniambia huyu naye atatoka kwa operesheni. Kliniki iliyopita akaniuliza, "Mama, tukishafungua tumbo, tukufunge kizazi kabisa?" Akasema ni suala la dakika chache, na kwamba operesheni ya nne si ya kuchezea. Akanipa fomu niende nayo nyumbani nikaisome.

Mume wangu alipoiona hata hakufika nusu. Akasema, "Saini, tumalize habari." Nikamuuliza mbona asifungwe yeye, maana nimesikia na wanaume hufungwa. Akacheka, akasema, "Anayezaa ni nani?" akaenda kuoga.

Mama yangu naye ananililia. Anasema mtoto hana dhamana na mume pia hana dhamana. Yeye alizika watoto wawili kabla yangu, kwa hiyo nikimsikia anasema hivyo nashindwa kumjibu. Wifi yangu anasema mwanamke aliyefungwa anakuwa baridi, ananenepa, hedhi inakauka na damu chafu inarundikana tumboni, halafu mume anaanza kutafuta nje. Huyohuyo wifi anasema tena kuna waliofungwa na wakapata mimba.

Njia nyingine nimezijaribu. Sindano ilinivuruga, nikawa natokwa na matone ya damu wiki nzima na mwili ukaongezeka. Vidonge nilikuwa nasahau, ndivyo tulivyompata huyu. Sikumpanga, ila nampenda.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi na mume wangu hatuko sawa. Hanipigi wala haninyimi matumizi, lakini mtoto akilia usiku yeye huchukua mto wake akahamia sebuleni. Siku nyingine nikiwa nafua nguo za watoto najiuliza kama nimechoka kuzaa, au nimechoka kuzaa naye. Nikiwaza kwamba sizai tena, napumua. Nikiwaza kwamba sizai tena hata maisha yangu yakibadilika, kuna kitu kinanikaba kooni.

Naomba unijibu. Anayosema wifi ni kweli? Ukishafungwa unaweza kufunguliwa? Na naweza kukataa wakati daktari ameshauri na mume ameshakubali? Sitaki kuonekana mkaidi.

Ni mimi,
Mama Wawili na Nusu

*

Marahaba mwanangu, na pole na hilo tumbo.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi. Unaweza kukataa. Unaweza hata kukubali leo ukakataa asubuhi ya operesheni, umeshavaa gauni la hospitali na fomu imeshasainiwa, na haifai mtu akunyime huduma ya kujifungua kwa sababu hiyo. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilieleza mwaka 1994 kwamba uamuzi wa kuzaa au kutozaa ni vizuri uzungumzwe na mwenzi, ila usiwekewe mipaka na mume, mzazi wala serikali. Kwa maana hiyo mumeo hawezi kukusainia, na mama yako hawezi kukuzuia kwa machozi. Daktari wako amefanya vizuri kukuuliza mapema na kukupa fomu ukaisome nyumbani. Wapo wanaoulizwa uchungu ukiwa umepamba moto, wakaitikia tu ili waachwe wapumue. Hata hivyo ushauri wake unabaki kuwa ushauri.

Sasa wifi. Namshukuru kwa kitu kimoja: amekusanya uvumi wote mahali pamoja, tutaujibu kwa mkupuo.

Mwanamke ana mirija miwili, mmoja kila upande wa mji wa mimba, kila mmoja una urefu wa kama sentimita 10. Ni njia tu. Yai hupita humo likitoka kwenye ovari, na humohumo ndimo linamokutana na mbegu ya mwanamume. Katika operesheni kama yako, mtoto akishatoka na mji wa mimba ukishashonwa, daktari huinua mrija, hufunga sehemu ya katikati kwa uzi na kukata kipande, kisha huhamia upande wa pili. Siku hizi madaktari wengi huona heri waondoe mirija yote mizima, kwa kuwa imegundulika kwamba saratani nyingi za ovari huanzia kwenye mirija. Kwa vyovyote vile ovari zinabaki mahali pake, na mji wa mimba unabaki mahali pake.

Homoni zinazokupa hamu na zinazokuletea hedhi hutoka kwenye ovari zikasafiri kwa damu. Hazipiti kwenye mirija. Kwa hiyo hakuna cha kukufanya baridi. Hedhi inaendelea mpaka umri wake wa kukoma ufike, na damu yake inatoka kwenye mji wa mimba kwa njia ileile ya siku zote, hairundikani popote. Yai lisilo na pa kupita huyeyuka likafyonzwa na mwili. Kinachowachanganya wengi ni kwamba kabla ya kufungwa walikuwa kwenye sindano au vidonge. Dawa hizo zilikuwa zimepunguza hedhi au kuizima kabisa. Wanapoziacha, hedhi yao ya asili inarudi na uzito wake wa zamani, na lawama inaangukia operesheni. Uzito wa mwili nao, kufungwa hakuongezi kitu mwilini, hakuna dawa inayoachwa ndani. Ama hilo la mume kutafuta nje, mume anayetaka kutafuta nje hajawahi kusubiri mrija wa mtu umpe sababu.

Kwenye lile kwamba kuna waliofungwa wakapata mimba, wifi yuko sahihi, na ninataka ulikumbuke hata kama hutafungwa, maana utakuwa na rafiki au mdogo wako aliyefungwa. Utafiti mkubwa wa Marekani ulifuatilia wanawake zaidi ya 10,000 waliofungwa kuanzia mwaka 1978. Ndani ya miaka 10, kati ya kila 1,000, walioshika mimba walikuwa kama 18 au 19. Ni wachache sana, ila katika mimba hizo karibu theluthi moja zilitunga nje ya mji wa mimba, na mimba ya aina hiyo inaweza kupasua mrija na kuua. Aliyefungwa akikosa hedhi, akaumwa chini ya tumbo upande mmoja, akahisi kizunguzungu au maumivu ya bega yasiyoeleweka, aende hospitali saa hiyohiyo, asiseme "mimi nimefungwa, haiwezekani". Na kwa kuwa mumeo ana miguu: kufungwa hakuzuii VVU wala magonjwa mengine ya zinaa.

Kufunguliwa je? Ifanyie hesabu kama vile haiwezekani. Kuna upasuaji wa kuunganisha tena mirija iliyokatwa, lakini ni mgumu, ghali, haupatikani kila mahali, na matokeo yanategemea umri wako, namna ulivyofungwa na kiasi cha mrija kilichobaki. Hata ukifanikiwa, hatari ya mimba kutunga nje inapanda. Na kama mirija iliondolewa mizima hakuna cha kuunganisha; kilichobaki ni yai kurutubishwa maabara. Daktari akikwambia "tutakufungua ukitaka", tafuta daktari mwingine.

Haya yote ungeweza kuyapata kwa nesi yeyote mwenye dakika kumi. Kilichonifanya nichukue barua yako ni ile aya iliyotangulia maswali yako.

Umeandika kwamba hujui kama umechoka kuzaa au umechoka kuzaa naye. Mwanangu, hayo ni mambo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Aliyechoka kuzaa anaweza kufungwa hata akiwa na miaka 25, na mimi nitamtetea mbele ya mama yake, mume wake na daktari anayemwambia "wewe bado mdogo". Umri peke yake haukatazi. Shirika la Afya Duniani halikuweka idadi ya watoto wala umri ambao mwanamke lazima aufikishe kwanza. Lakini aliyechoka na mtu, akifungwa, anabaki na mtu yuleyule. Mto utaendelea kuhamia sebuleni. Na siku akiondoka yeye, au akiondoka mume, atakuwa ametoa kitu chake cha kudumu kwa ajili ya ugomvi uliokuwa wa kupita.

Utafiti uleule wa Marekani uliwauliza wanawake kwa miaka mpaka 14 kama wanajuta. Waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake, kama 20 kati ya 100 walisema wamejuta. Waliofungwa baada ya miaka 30, kama 6 kati ya 100. Usizisome namba hizi kwa hofu, maana hata katika kundi la vijana, 80 kati ya 100 hawakujuta, na wewe unaweza kuwa mmoja wao. Ninazileta kwa sababu mwanamke hubadilika sana katika miaka yake ya thelathini: ndoa zinavunjika, nyingine zinaanza upya, wengine wanapata mwanamume wa kwanza anayeamka usiku.

Jipime hivi. Fikiria mumeo hayupo tena, kwa sababu yoyote ile, na umekaa vizuri na mtu mwingine anayekuthamini. Je, unataka mtoto? Kama jibu ni "hapana, hata huyo simzalii", basi uko tayari na wifi asikutishe. Kama jibu ni "labda", kilichokukaba kooni ulipokuwa unaandika ndicho kinachojibu. Mimi nikikusoma nasikia labda.

Mama yako usimbeze. Amezika watoto wawili, anaongea anachokijua. Pia maneno yake yanagusa jambo ambalo hata madaktari hulizingatia: ukifungwa palepale kwenye operesheni, unafungwa mtoto akiwa na umri wa dakika kadhaa, kabla hajachunguzwa vizuri, kabla hata hujamnyonyesha. Wanawake wengi hilo haliwasumbui, kwa sababu hawafungwi kwa hesabu ya watoto walio hai; wanafungwa kwa kuwa mwili wao umemaliza. Hakuna mtoto anayezibwa pengo lake na mwingine. Ila kama mawazo hayo yanakunyima usingizi, elewa kwamba hakuna kinacholazimisha iwe siku hiyo. Kufungwa kunaweza kufanyika ndani ya siku 7 baada ya kujifungua, au wakati wowote kuanzia wiki ya 6, kwa tundu dogo chini ya kitovu na chombo chenye kamera, au kwa mchano wa sentimita chache juu kidogo ya mstari wa nywele za siri. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Daktari wako naye hakutishi bure. Kila operesheni ya kujifungua inaacha kovu kwenye mji wa mimba, na kadiri makovu yanavyoongezeka ndivyo inavyozidi kuwezekana kondo la nyuma la mimba ijayo kujishika kwenye kovu na kugoma kutoka. Hapo damu hutoka nyingi, na wakati mwingine mji wa mimba huondolewa ili kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo kurudi kwenye vidonge unavyovisahau sikubali. Utakachochagua kiwe kinafanya kazi bila kutegemea kumbukumbu yako, wala hiari ya mumeo.

Ningekuwa wewe ningeomba kitanzi cha shaba, ambacho wengine wanakiita lupu, kiwekwe siku hiyohiyo ya operesheni. Daktari anakipitisha kwenye mchano uleule, kondo la nyuma likishatoka, kabla hajashona mji wa mimba. Hakina homoni hata kidogo, kwa hiyo yale ya sindano hayatajirudia kwa namna ile. Kinakaa miaka 10 au zaidi, na mwaka wa kwanza wanaoshika mimba nacho hawafiki 10 kati ya 1,000, yaani kimekaribia sana kufungwa. Ubaya wake nakwambia pia: hedhi huwa nzito na yenye maumivu zaidi, hasa miezi ya mwanzo, na kikiwekwa mapema hivyo, kwa baadhi ya wanawake hutoka chenyewe, ndiyo maana utarudi kliniki kuangaliwa kama bado kipo. Ukichukia hedhi nzito, kuna kijiti cha mkononi. Chenyewe kina homoni na kinaweza kuvuruga hedhi kama sindano, ila si kama sindano, ambayo ukishachomwa unasubiri miezi mpaka dawa iishe mwilini. Kikikusumbua kinatolewa siku hiyo na uwezo wa kushika mimba unarudi upesi. Kuzuia mimba, kinazuia vizuri kuliko hata kufungwa.

Ukiweka kitanzi sasa, kitafika mwisho ukiwa na miaka 39. Katikati hapo, siku yoyote ukiamka ukajua kwamba umemaliza, utakwenda kufungwa ukiwa umetulia, hunyonyeshi saa nane za usiku, hujakasirika na mtu.

Mumeo na kicheko chake. Jibu la "anayezaa ni nani" ni kwamba mimba ina watu wawili na mmoja wao ana operesheni nyepesi zaidi. Vasektomi, yaani kumfunga mwanamume, haifungui tumbo. Ni ganzi ya mahali, tundu dogo kwenye ngozi ya korodani, kazi ya chini ya nusu saa, na mtu anakwenda zake nyumbani. Nguvu zake hazipungui, shahawa zinatoka kama kawaida, zinakosa mbegu tu. Lazima mtumie kinga nyingine kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha shahawa zipimwe. Mwambie hivyo, ajue kwamba aliyemcheka ana hoja. Lakini kwa hali yenu sitaki uweke matumaini yako hapo. Vasektomi inamlinda yeye asitie mimba. Wewe inakulinda kwa muda tu ambao uko naye. Kwa ndoa inayoyumba, kinga yako uibebe mwenyewe.

Kuhusu fomu, usiisaini kununua amani ndani ya nyumba, na usiifiche pia. Mwambie kwa maneno mepesi: "Daktari ana njia nyingine ya miaka kumi, nimeichagua hiyo kwanza." Hapo anachokitaka, yaani asiongezewe mtoto, amekipata, na hana la kudai zaidi. Akikazana kwamba lazima ufungwe kabisa, muulize kwa nini. Nina hamu ya kujua atajibu nini. Habari ya mto na sebule iwe mazungumzo yake peke yake, siku nyingine, na ikiwezekana kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu mwanamke aliyetoka operesheni ya tatu akiamka peke yake usiku kunyanyua watoto anahatarisha mshono. Kama hawezi kubadilika kwa mapenzi, abadilike kwa amri ya daktari; omba daktari amwambie mwenyewe. Na mama yako, kwa kuwa yuko karibu na kilio, mwite aje akae nawe wiki hizo za mwanzo. Atafurahi kuwa na kazi.

Na kama ukinisoma mpaka hapa ukajikuta unabishana nami, unasema "Shangazi hanielewi, mimi nimemaliza," hilo nalo ni jibu. Basi saini, mwenyewe, ukiwa mzima na uchungu haujaanza, na umuulize daktari kama atakata kipande au ataondoa mrija mzima, ujue ulichofanyiwa.

Kliniki ijayo nenda na maswali matatu yameandikwa kwenye kikaratasi. Hospitali hii inaweka kitanzi wakati wa operesheni? Kama haiweki, nitawekewa lini baada ya hapo? Jibu lisizidi sana wiki ya 4 hadi ya 6, na mpaka siku hiyo mtumie kondomu, au uondoke hospitali ukiwa na kijiti. Na la tatu: tafadhali andika kwenye faili langu kwamba sijaridhia kufungwa kizazi. Simama hapo uone anaandika.